Mwalimu wa Sanaa na Kazi Yake ya Kila Siku

Mzazi wa Kiislamu wa hapa Dodoma akutanapo na mwalimu wa mtoto wake sokoni au njiani, humwuliza mambo mawili matatu: Je, anajua hesabu? Anasoma vizuri? Ana adabu? Hatujapata kumsikia mzazi akiuliza, "Mwanangu amechora nini juma hili?" Wala hatumlaumu, kwani hata katika shule zenyewe somo la kuchora, kufinyanga na kusuka limekaa mkiani mwa ratiba kwa miaka mingi, na mwenye kulifundisha hudhaniwa kuwa amepewa kazi nyepesi ya kuwapumzisha watoto. Sisi tufundishao chuoni tunayo sababu ya kuitazama kazi hii kwa jicho jingine. Watoto ni wale wale. Asubuhi wako kwake na jioni wako kwetu, na mikono iliyopakwa mkaa saa tano ndiyo iletwayo kushika juzuu saa kumi.

Yafaa kwanza tueleze somo lenyewe ni lipi, maana wazee wengi walisoma zama nyingine. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, shule ziliagizwa kuwafundisha watoto kazi pamoja na vitabu. Nasi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 twakumbuka vema: tulifyatua matofali, tulikata mipini ya majembe, tulifunga vifagio, na wasichana walifuma vitambaa. Hakuna aliyeyaita mambo hayo sanaa. Baadaye likaja somo la Stadi za Kazi, ndani yake mkiwa na mapishi, ushonaji, muziki na uchoraji, yote katika kapu moja. Kisha mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, Darasa la Tatu wakapewa somo liitwalo Sanaa na Michezo, na wadogo wa Darasa la Kwanza wakapewa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Basi kuchora kumepata jina lake na kitabu chake, kilichotungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kupata jina ni jambo moja, na kupata rangi, karatasi na wakati ni jambo jingine.

Wala asidhani msomaji kwamba serikali imeajiri katika kila shule mtu wa kuchora tu. Vyuo vya ualimu vya mkoa wetu, kama Mpwapwa na kile cha Bustani kule Kondoa, vimekuwa vikitoa walimu wa shule ya msingi wa kufundisha masomo mengi. Na chuo kinachosifika tangu zamani kwa sanaa, muziki na michezo ni Butimba, Mwanza, mbali nasi. Kwa hiyo aghalabu mwalimu wa sanaa ni mwalimu wa Hisabati au wa Kiswahili ambaye katika kikao cha kugawana vipindi aliinua mkono, au hakuinua na akapewa vivyo hivyo.

Kwa idhini ya mwalimu mkuu tulikaa siku nzima katika shule moja iliyo kando ya njia iendayo Kondoa, tukimfuata mwalimu mmoja wa somo hili. Jina lake hatulitaji, kwani mwenyewe hakupenda. Ni mama wa watoto watatu, Mgogo na Mkristo, naye amefundisha miaka 14. Tulimkuta saa moja asubuhi uwanjani, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa zamu juma lile: anasimamia kufagia, anatazama makucha, anapokea udhuru wa waliochelewa. Baada ya mstarini akaingia Darasa la Tano kwa Hisabati, vipindi viwili mfululizo, kisha Kiswahili. Ilipofika saa ya mapumziko sauti yake ilikuwa imekwisha anza kukwaruza, na somo la sanaa lilikuwa bado.

Kipindi cha Darasa la Tatu ni dakika 40. Tangu serikali ilipoanza elimu bila malipo mwaka 2016 watoto wamekuja shule kwa wingi, jambo la kumshukuru Mungu, lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi ile ile. Tulihesabu watoto zaidi ya 80 katika chumba kimoja, watatu watatu katika dawati, na penginepo wanne. Kwa watoto hao wote mwalimu alikuwa na pakiti mbili za kalamu za rangi, alizozinunua kwa fedha zake. Kila kalamu ameivunja vipande vitatu, na kila kundi hupewa vipande vinne katika kifuniko cha kopo. Alituambia kwamba nyekundu ndiyo iishayo kwanza siku zote, kisha buluu ya mbingu. Ya udongo hubaki nzima mpaka mwisho wa mwaka, ijapokuwa nchi yetu yote ina rangi hiyo.

Somo la siku ile lilikuwa kuchanganya rangi, na hapo ndipo tulipojua kwamba adui mkubwa wa mwalimu wa sanaa katika nyanda hizi ni ukosefu wa maji. Mvua yetu kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufungwa. Katika nyumba nyingi maji ya kisima hununuliwa kwa ndoo. Mtoto aliyeagizwa aje na chupa ya maji ya kuchorea huambiwa na mama yake, "Maji ya kunywa hayatoshi, mwalimu wako ataka ya kuchezea?" Na mama huyo ana haki. Siku ile pengine thuluthi moja ya watoto walikuja na chupa. Mwalimu akaleta ndoo moja kutoka nyumbani kwake, akawapanga watoto waje kwa zamu, kila kundi likachovya katika kikopo kimoja. Kipindi kilipokwisha maji yale, yaliyokuwa sasa mekundu kama ya korongo siku ya mafuriko, hayakumwagwa ovyo. Mtoto mmoja alitumwa ayapeleke chini ya mwarobaini wa uwanjani.

Na rangi zenyewe? Tulistaajabu kidogo, kisha tukafurahi. Udongo mwekundu wa kichuguu hupondwa, ukachekechwa kwa kipande cha kitenge kikuukuu. Mkaa husagwa juu ya jiwe. Nyeupe hutoka katika majivu au chokaa, na manjano hutoka jikoni, ile ile ya pilau. Majani ya kunde hukamuliwa yakatoa kijani kizuri sana ambacho kesho yake huwa hudhurungi, na watoto hulalamika kila mara kama kwamba ni jambo jipya. Ili rangi ishike, mwalimu huloweka utomvu wa mgunga, na burashi ni kijiti kilichotafunwa ncha, kama tufanyavyo mswaki. Tulimwambia kwamba wazee wetu wa chuoni walitengeneza wino wa kuandikia ubao kwa masizi na utomvu kama huo huo, na kwamba mwanafunzi asiyejua kupika wino alirudishwa nyumbani. Akaandika maneno hayo katika daftari lake, akasema atayatumia.

Karatasi ni mgongo wa karatasi za mitihani ya zamani, maboksi yaliyopasuliwa, na mifuko ya saruji iliyokung'utwa vumbi. Mwezi wa Agosti na Septemba, upepo wa Dodoma unapovuma, madirisha yasiyo na vioo huingiza vumbi tele, na picha iliyo mbichi hupata ngozi ya mchanga kabla ya kukauka. Miezi hiyo mwalimu huacha rangi za maji, akafundisha mkaa, au kusuka, au kubandika mbegu na magunzi juu ya boksi. Kufinyanga nako hungoja masika, kwa sababu udongo mzuri wa mfinyanzi uko bondeni na hulainika wakati huo. Basi ratiba yake hufuata mbingu kama ya mkulima, lakini azimio la kazi alilotakiwa kuliandika Januari halina nafasi ya kueleza habari za upepo.

Mchana watoto walipotawanyika, kazi haikuwa imekwisha. Picha 80 na zaidi ziliingia katika mfuko wa salfeti zikaenda naye nyumbani. Tulimwuliza: picha husahihishwaje? Jumla ya hesabu ni kweli au si kweli, lakini mbuyu wa mtoto wa miaka tisa utasemaje kwamba ni kosa? Alijibu kwamba yeye hamlinganishi mtoto na mtoto. Hutazama lile alilofundisha: ikiwa juma lile alifundisha kwamba kitu kilicho mbali huonekana kidogo, basi hutazama kama mlima umekuwa mdogo kuliko nyumba. Na alama huiandika nyuma ya karatasi, wala haandiki mbele, maana aliwahi kumwona mtoto akilia kwa sababu mwalimu mwingine alipitisha vema nyekundu katikati ya ng'ombe wake. Tangu kusikia habari hiyo sisi wenyewe hatuandiki tena juu ya khati ya mtoto aliyeiandika kwa jitihada.

Usiku huandika andalio la somo la kesho. Watu hudhani andalio la sanaa ni fupi. Kinyume chake, la Hisabati lahitaji chaki na ubao, na hili lahitaji udongo uliochekechwa, vikopo vilivyooshwa, na mfano uliokwisha kuchorwa na mwalimu mwenyewe, ambaye pengine hakufundishwa kuchora maisha yake yote.

Yako mambo yanayomvunja moyo kuliko uhaba wa kalamu. Mitihani ikaribiapo, huu wa Darasa la Saba na ule upimaji wa Darasa la Nne, vipindi vya sanaa huanza kuyeyuka kimoja kimoja. Leo Hisabati yaazima, kesho Kiingereza chaazima, na deni hilo halilipwi. Hatumlaumu mwalimu mkuu, kwani shule husifiwa au hukaripiwa kwa waliofaulu, na hakuna karatasi ya mtihani wa mwisho ambayo mtoto hupewa rangi akaambiwa, chora. Lakini sisi tulio karibu na watoto hawa twaona jambo moja. Yule ambaye mkono wake haukuzoezwa kuvuta mstari, hata herufi zake ni mbovu, na pembetatu yake ya hesabu hukaa kama kibanda kilichoinama. Katika chuo chetu mtoto anayejua kuchora huipata alifu na lamu kwa siku chache, na lamu-alifu haimtishi.

Ama jambo lililotufikisha katika shule ile hasa ni hili. Jamaa mmoja wa msikiti wetu, mtu mpole na mcha Mungu, alimkuta binti yake akifanya kazi ya nyumbani iliyosema: Chora picha ya mama yako. Akalichukua daftari, akamkataza mtoto asihudhurie tena somo lile, na asubuhi yake akaenda shuleni. Alituomba tufuatane naye.

"Mwalimu," alisema, "mimi sina ugomvi nawe. Lakini mtoto ameambiwa achore mtu, nasi katika dini yetu tuna mpaka."

"Mzee wangu," akajibu mwalimu, "mpaka huo mimi sikuujua. Ungalinieleza tangu Januari, ningalimpa mti achore. Sasa mwaka umefika katikati, na mtoto ndiye wa kwanza darasani kwa somo hili. Nitamwandikia sifuri?"

Mzee akanyamaza, kisha akatugeukia. "Maalim, wewe wasemaje?"

Sisi si mufti, na swali hili lina wenyewe. Hata hivyo tulimweleza yale yanayojulikana, na twayaandika hapa kwa kuwa twaamini nyumba nyingine nazo zimelifikia. Yako mapokezi sahihi yenye onyo kali kwa watengenezao sura za viumbe wenye roho, na haifai Mwislamu kuyafanyia mzaha. Imepokewa vile vile kwamba Ibn Abbas alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza sura, alimwonya, kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hakumwambia avunje kalamu zake. Na imepokewa kwamba Bibi Aisha, akiwa mdogo, alikuwa na wanasesere aliocheza nao, na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaona asimkataze. Kwa hiyo wanachuoni wamekhitilafiana: wako waliozuia kila sura ya chenye roho, wako waliotofautisha sanamu yenye kivuli na picha ya karatasini, na wengi wamelegeza katika vitu vya watoto. Kamera ilipoenea, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kwamba picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa, wala si kuumba. Mzee wetu mwenyewe ana kitambulisho chenye picha mfukoni, lakini hilo hatukumkumbusha mbele ya mwalimu.

Rai yetu ilikuwa hii: baba aliyeshika kauli yenye ukali ana haki ya kuishika katika nyumba yake, na si kazi ya mtu kumcheka. Lakini kumtoa mtoto katika somo zima kwa sababu ya zoezi moja si uadilifu. Tulifungua kitabu cha mwanafunzi pamoja, ukurasa kwa ukurasa, sote watatu tukiwa tumekaa katika madawati ya watoto, magoti yetu yakigusa videvu. Tuliona mistari, rangi, nakshi, kufinyanga vyungu, kushona, kusuka. Sehemu kubwa haikuwa na chenye roho hata kimoja. Mwalimu akakubali kwamba zoezi litakaloagiza sura ya mtu, binti huyo na yeyote mwenye udhuru kama wake atapewa badala yake kitu kingine cha uzito ule ule. Mzee akarudisha daftari. Baada ya siku mbili mtoto alileta kazi yake: mafiga matatu, chungu juu yake, kibuyu kikining'inia ukutani, ungo, na kanga imetundikwa msumarini. Mwalimu alitukabidhi tuitazame. Kanga ile ina pindo, na ndani ya pindo mtoto amechora maua madogo madogo 22, yote sawa.

Na twapenda wazazi wajue kwamba mtu aliyejizuia na sura za wenye roho hakubaki mikono mitupu. Wahenga wetu wa Kiislamu walimimina ustadi wao wote katika khati na nakshi. Katika msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, kibla kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, ndio 1107 wa Miladi. Milango ya Unguja na Lamu yajulikana duniani kote. Kwa bikari na rula tu mtoto wa Darasa la Nne aweza kupata nyota ya pembe sita ndani ya duara, akaiunganisha na nyingine mpaka karatasi ijae. Na akifanya hivyo amekwisha jifunza nusu ya jometri bila kuogopa. Tulimwonyesha mwalimu yule namna ya kuianza nyota hiyo kwa duara saba, naye akaikamilisha kabla yetu.

Huku kwetu bara nako kuna hazina ambayo watu wa pwani hawana. Ukiishika njia ya Kondoa mpaka Kolo, katika nchi ya Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu, utakuta majabali yaliyochorwa na watu wa kale: wanyama, watu warefu wembamba, na alama ambazo hakuna ajuaye maana yake kwa yakini. Zile nyekundu ni za wawindaji wa zamani sana, na nyeupe zilikuja nyuma pamoja na wakulima. Bibi Mary Leakey alikwenda kuzinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaliandika eneo hilo katika Urithi wa Dunia. Wako wanaokwenda huko kufanya matambiko ya mvua, na kwa hayo sisi hatuna la kusifu. Wako pia waliochimba chini ya majabali wakitafuta mali wadhaniayo kwamba Wajerumani waliificha, wakaharibu pasipo kupata kitu. Lakini michoro yenyewe ni habari za waliotutangulia katika ardhi hii, na mwalimu wa sanaa wa Kondoa ana darasa lisilo na mfano mlangoni pake. Rangi iliyotumika nyingi ni udongo mwekundu, jamaa ya ule uchekechwao kwa kitenge katika shule tuliyoitembelea. Watoto walipoambiwa hivyo walitazama vidole vyao.

Mtu aweza kusema: haya yote yatamlisha nani? Edward Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakufundishwa kuchora katika shule yoyote. Alichukua vipande vya mbao laini na rangi ya kupakia baiskeli, akauza picha zake Dar es Salaam tangu mwaka 1968, na ingawa alifariki mwaka 1972, watu hula mpaka leo kwa mtindo uitwao kwa jina lake. Naye Sam Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, alianza kwa kusoma Makerere, akawa mwalimu wa kuchora huko huko, na Uhuru ulipopatikana akapelekwa London kuiwakilisha Tanganyika. Hatusemi kwamba kila mtoto atakuwa Tingatinga. Fundi cherehani, mjenzi, mchoraji wa mabango ya duka, mwenye kutia hina maharusi, wote hao walianza kwa mkono uliojua kufuata jicho.

Baada ya kuondoka tulizungumza na wazee wa msikiti juu ya lipi nyumba zetu ziwezazo kupeleka shuleni bila gharama. Mafundi cherehani wawili wamekubali kuweka vipande vya vitambaa katika gunia badala ya kuvichoma. Mwenye duka atatoa maboksi. Mama mmoja akasema kwamba maji yaliyooshewa mchele ni safi ya kutosha kuchorea, na tangu siku hiyo chupa zimeongezeka. Mwalimu ametuletea salamu kwamba maboksi yaje makavu, kwa sababu yaliyolowa huota ukungu kabatini, na kwamba haja yake kubwa kwa sasa ni vikopo vyenye vifuniko, visivyopungua 20. Kipindi chake ni Jumanne na Alhamisi baada ya mapumziko, na mzazi atakaye kuketi nyuma ya darasa anakaribishwa, ila aje na kiti chake.